Daktari wa Upasuaji wa Watoto Afundishwe Wapi, na Afundishwe na Nani

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa walimu wa tiba, wauguzi, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kuingia katika masomo ya ubingwa,

Nimeombwa nizungumzie upasuaji wa watoto katika nchi zinazoendelea, na ningependa niseme mapema ninaloliamini: daktari huyu afundishwe mahali walipo watoto atakaowatibu, bega kwa bega na mtaalamu wa usingizi na muuguzi atakaofanya nao kazi, na msaada wowote utokao nje upimwe kwa kadiri unavyolisaidia jambo hilo.

Mwaka 2015, Tume ya jarida la tiba la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilieleza kwamba watu bilioni 5 hawawezi kupata huduma ya upasuaji na usingizi iliyo salama na wanayoimudu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalitaja watoto na vijana bilioni 1.7 walio katika hali hiyo. Utafiti mmoja wa Gambia ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watoto watahitaji matibabu ya tatizo fulani la upasuaji kabla ya kutimiza miaka 15. Mengi ya matatizo hayo ni ya kawaida kabisa, kama vile ngiri, majeraha ya moto, majipu na mifupa iliyovunjika, na yangeweza kutibiwa katika hospitali ya wilaya endapo angekuwapo mtu aliyefundishwa kumlaza mtoto usingizi bila kumhatarisha.

Naomba tutazame kwa karibu mtoto mmoja, yule anayezaliwa matumbo yakiwa nje kupitia tundu lililo kando ya kitovu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha hospitali 264 katika nchi 74, ulionyesha kwamba katika nchi zenye kipato cha juu watoto waliofariki kwa kasoro hii walikuwa asilimia 1.4, ilhali katika nchi zenye kipato cha chini walikuwa asilimia 90. Matumbo yaliyo wazi hupoteza joto na maji kwa kasi, kwa hiyo tangu dakika za kwanza mtoto anahitaji kufunikwa kwa plastiki safi, kupashwa joto, kuwekewa dripu, na kupitishiwa mpira mwembamba puani hadi tumboni ili gesi itoke. Daktari wa upasuaji huyatia matumbo hayo katika mfuko maalumu unaoning'inizwa juu ya mtoto, yakarudi ndani kidogo kidogo kwa uzito wake yenyewe katika muda wa siku kadhaa, na mara nyingi kazi hiyo hufanyika kitandani bila nusu kaputi. Kisha huja wiki za kungoja matumbo yaanze kusaga chakula, na katika wiki hizo mtoto hulishwa kwa mshipa na kulindwa asipate maambukizi. Hebu tujiulize ni hatua zipi hapo zinazomhitaji daktari bingwa. Ni chache mno. Mkunga asiyejua kumfunika mtoto huyu, gari la rufaa lisilo na joto, na wodi isiyo na lishe ya mshipa humwondoa mtoto kabla ufundi wa daktari haujapata nafasi ya kumsaidia, na ndiyo maana sikubaliani na mpango wowote wa mafunzo unaomtazama daktari peke yake.

Wapo wanaodhani kwamba ujuzi daima hutoka nchi tajiri kwenda nchi maskini, na historia ya fani hii inawakanusha. Upasuaji unaotumika sasa duniani kwa watoto waliozaliwa bila njia ya haja kubwa ulianzishwa na daktari wa upasuaji wa watoto, Alberto Peña, nchini Meksiko mwaka 1980. Huko Mbale, Uganda, daktari wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, alikabiliana na watoto wengi wenye kichwa kikubwa kwa sababu ya maji kujaa ubongoni, ambao kwa kawaida huwekewa mrija wa kutoa maji ubongoni na kuyapeleka tumboni. Mrija huo ukiziba, mtoto anaweza kufa kwa muda mfupi, na familia nyingi huishi mbali sana na mahali pa kuuzibua. Warf akaunganisha njia mbili, yaani kutoboa tundu ndani ya ubongo kwa kutumia kamera nyembamba ili maji yapate njia, na kuunguza tishu inayoyatengeneza. Utafiti wa watoto wachanga 100 wa hapo hapo Mbale, uliochapishwa mwaka 2017, haukuona tofauti ya maana kati ya njia hiyo na mrija katika ukuaji wa akili baada ya miezi 12. Leo njia hiyo inatumika hadi Marekani. Ilizaliwa Mbale kwa sababu daktari aliishi karibu na wagonjwa wake kwa muda wa kutosha, akaona yanayowapata baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Hilo ndilo daktari mgeni wa wiki mbili asiloweza kuliona, hata akiwa hodari kiasi gani. Siwadharau wageni hao, kwa kuwa wengi wamewaokoa watoto wetu. Nasema tu kwamba ziara yenye manufaa ni ile ambayo mwenyeji ndiye anayeshika kisu na mgeni ndiye anayesaidia, kisha mgeni yule yule akarudi tena na tena.

Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao makuu Arusha, huwafundisha madaktari katika hospitali zilizoidhinishwa ndani ya nchi zao, na wahitimu wake walio wengi wamebaki kufanya kazi katika nchi walikosomea. Msumbiji nayo, tangu mwaka 1984, imewafundisha maofisa wa tiba wasio madaktari kufanya upasuaji wa dharura, nao wamedumu katika hospitali za wilaya ambazo madaktari walizihama.

Lakini kuna jambo linalonisikitisha sana. Daktari huhitimu vizuri, akapangiwa hospitali isiyo na mashine ya usingizi inayomfaa mtoto wa kilo tatu, wala kipimo cha oksijeni kinachokaa kwenye kidole kidogo namna ile, na wauguzi aliowazoesha wakahamishiwa wodi nyingine. Kwa hiyo naziomba wizara zetu za afya, pale zinapomsomesha daktari mmoja wa upasuaji wa watoto, ziandike katika bajeti ya mwaka huo huo mafunzo ya mtaalamu wa usingizi wa watoto na ya wauguzi wa wodi ya watoto wachanga, vifaa vya ukubwa wa watoto, na masharti kwamba timu hiyo haitatawanywa kwa uhamisho kabla haijafundisha nyingine.