Tovuti ya Mapenzi na Siku ya Kuikabidhi

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri, wanafunzi wa ukutubi na wageni mliofika,

Nimeombwa nieleze jinsi mtu binafsi, asiye na taasisi wala mfadhili, anavyojenga tovuti kwa mapenzi tu na hatimaye kuiacha mikononi mwa wengine. Nitaanza na yangu, kwa kuwa ndiyo ninayoyajua makosa yake.

Mwaka 2004 nilianza kukusanya majina ya kanga, yaani maneno yanayochapwa sehemu ya chini ya mji (uwanja wa kati wa kanga), karibu na pindo. Marehemu mama yangu aliacha sanduku la doti zake, nami nikawa ninanakili daftarini: “Japo sipati tamaa sikati”, “Wema hauozi”, “Sisi sote abiria dereva ni Mungu”. Daftari lilipojaa nikajifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kwa kuchungulia kurasa za watu wengine zilivyoandikwa, nikaanza kutengeneza kurasa kwa mkono, kila kanga na ukurasa wake, kazi ya usiku baada ya watoto kulala. Sikuwa na mpango wowote. Ningekuwa nao, huenda nisingeanza.

Kilichobadilisha mambo ni barua pepe. Watu wa Mombasa waliandika kunikumbusha kwamba kwao wanasema leso. Mama mmoja wa Unguja alinitumia picha za kanga za bibi yake zenye maandishi ya Kiarabu, kama zilivyokuwa kanga za zamani kabla ya herufi za Kirumi kushika nafasi. Kutoka Muscat zikaja picha za kanga zilizovuka bahari na wenyewe. Mabishano nayo hayakukosekana. Kanga nyingi zimechapwa India, Japani na baadaye China, na si ajabu kukuta neno limekosewa tahajia, au maneno mawili yameunganishwa. Je, turekebishe? Tulibishana kwa miezi, kisha tukaamua kuandika jina kama lilivyochapwa, na chini yake kuweka usomaji sahihi. Uamuzi huo ulikaa kichwani mwangu na katika barua chache tu, na huko mbele mtaona ulivyonigharimu.

Baada ya miaka kadhaa, sehemu kubwa ya yaliyomo katika tovuti ile haikuwa kazi yangu, ingawa jina lililoandikwa chini ya kila ukurasa lilikuwa langu. Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo: mtu anapokabidhi tovuti ya aina hii, anakabidhi mali ambayo kwa haki ni ya watu wengi, na wengi wao hawajui kwamba kuna makabidhiano.

Kisa cha CDDB, hifadhidata ya majina ya nyimbo zilizomo kwenye CD, kinalionyesha jambo hili vizuri kuliko changu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ti Kan, mtaalamu wa programu huko Marekani, aliandika programu ya kuchezea CD za muziki kwenye kompyuta. CD za kawaida hazikuwa na majina ya nyimbo ndani yake; zilikuwa na sauti na nyakati ambazo kila wimbo unaanza. Programu ilitumia nyakati hizo kuitambua CD, na mtumiaji aliyekuta CD yake haijulikani aliandika mwenyewe jina la mwimbaji na la kila wimbo, kisha akalituma ili mwingine asipate taabu ileile. Steve Scherf alisaidia kujenga seva ya kuhifadhi hayo yote. Watu walichapa orodha hizo bila malipo, wakidhani wanachangia jambo la pamoja. Mwaka 1998 hifadhidata iliuzwa kwa kampuni, masharti ya matumizi yakabadilika, ikaitwa Gracenote, na mwaka 2008 Sony ikainunua kwa takriban dola milioni 260 za Marekani. Wachangiaji walilalamika sana. Baadhi walianzisha hifadhidata mbadala, freedb, kwa leseni iliyoruhusu data kunakiliwa na yeyote, na kutokana na ghadhabu hiyohiyo Robert Kaye akaanzisha MusicBrainz, ambayo tangu 2004 iko chini ya shirika lisilo la kibiashara.

Si kwamba kuuza ni dhambi. IMDb ilianza mwaka 1990 kama orodha za waigizaji na waongozaji wa filamu zilizokusanywa na Col Needham, Mwingereza, pamoja na wenzake wa kujitolea. Mwaka 1993 ikaingia kwenye wavuti kwa msaada wa seva ya chuo kikuu cha Cardiff. Mwaka 1996 ikawa kampuni, na mwaka 1998 Amazon ikainunua. Needham alibaki kuiongoza kwa miaka mingi baada ya hapo. Ninachokiona ni kwamba orodha ziliuzwa pamoja na mtu aliyezijua, na hilo ni adimu.

Nilipoamua kuikabidhi tovuti yangu, macho yakiwa yamechoka, nilitumia karibu mwaka mzima kuwaandikia wachangiaji kuomba ridhaa ya kuziweka picha na maelezo yao chini ya leseni huria, yaani inayomruhusu yeyote kuzitumia. Wengi walikubali. Wachache walikataa, nikaziondoa picha zao. Baadhi anwani zao zilikuwa zimekufa, na kwa hao nilihifadhi maneno ya kanga, ambayo hayakuwa yao wala yangu, nikaacha picha. Ningeuliza swali hilo siku waliponitumia, lingekuwa la sentensi moja.

Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lilikuwa na mkasa wake. Nilikuwa nimelisajili kwa anwani ya barua pepe ya mahali nilipokuwa nikifanya kazi, na nilipoacha kazi anwani ikafungwa, kwa hiyo maonyo ya kulipia yalikwenda pasipo msomaji. Vikoa vya aina ya .com na .org, vikifutwa kwa kutolipiwa, hupewa siku 30 za kukombolewa, kama kitu kilichowekwa rehani, kwa ada inayozidi ile ya kawaida. Kisha siku 5 za mwisho, na baada ya hapo yeyote anaweza kukichukua. Mimi nilikikomboa nikiwa nimebakiwa na siku chache. Mnaosajili leo, tumieni anwani isiyotegemea ajira, na kampuni inayowasajilia iwe na majina ya watu wawili.

Kuhusu data nitasema machache. Kurasa zangu za mkono zilihamishiwa kwenye lahajedwali moja, kila kanga mstari wake, pamoja na folda ya picha zenye namba zinazolingana, kwa sababu faili za namna hiyo zitafunguliwa na programu yoyote hata seva ikizimwa. Waliokuwa na kurasa zao GeoCities, huduma ya kuweka kurasa za watu binafsi kwenye wavuti, mwaka 2009 Yahoo ilipoifunga, wanajua maana ya kuwa na nakala nyumbani. Kiasi kikubwa kilichosalia kiliokolewa na watu wa kujitolea walionakili usiku na mchana.

Waliopokea ni vijana wawili wa Tanga. Kwa miezi sita tulifanya kazi pamoja, nami nikidhani nimewaambia yote, hadi mmoja alipoanza kusahihisha tahajia za kanga kwa moyo safi kabisa. Alikuwa amesahihisha mamia. Uamuzi wetu wa zamani haukuwa umeandikwa popote alipoweza kuuona. Tulirudisha kila kimoja kutoka nakala rudufu, kisha nikakaa na kuandika kurasa 11 za sababu za kila uamuzi niliowahi kuufanya, pamoja na ile niliyoona aibu kuieleza.

Baadaye nilimpa mmoja wao nywila ya mwisho, akaibadilisha mbele yangu, kama tulivyokubaliana. Mwezi uliopita nilituma jina la kanga niliyoikuta mwenyewe sokoni, kwa fomu ileile wanayotumia wachangiaji wote. Walinijibu baada ya siku tisa kwamba hawawezi kuipokea bila picha ya pindo. Nikaenda kuitoa kabatini.