Tangi la Samaki Katika Joto la Mtwara

Mhadhara kwa wapenzi wa samaki wa mapambo, Mtwara Mjini

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za mchana. Ahsanteni kwa kutoka na jua hili.

Mimi nafuga samaki wa mapambo wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, na kila wiki napigiwa simu na mtu ambaye samaki wake wamekufa. Swali huwa lilelile: niwape dawa gani? Nami huuliza: maji yana umri gani, na samaki wako wangapi? Mara nyingi jibu limo humo. Maji yakikaa sawa, samaki wanajitunza wenyewe. Hilo ndilo lililonileta leo.

Samaki anatoa amonia, nyingi ikipitia kwenye mashavu yake anapopumua. Chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia vilevile. Hii ni sumu. Ziwani inapotea kwa wingi wa maji, lakini kwenye lita 60 haina pa kwenda. Wanaotuokoa ni bakteria. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao hukaa kwenye sponji ya chujio, kwenye mchanga na kwenye mawe, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kutulia. Ndiyo maana tangi lililojazwa Jumamosi, maji maangavu kabisa, likatiwa samaki kumi siku hiyohiyo, linakuwa na msiba kabla mwezi haujaisha. Maji kung'aa si dalili ya usalama. Anza na samaki wawili watatu, walishe kidogo sana, wengine waje baadaye.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapa Mtwara ndipo ulipo mzigo wetu. Maelekezo mengi yanayosomwa na watu yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, kwa hiyo ukurasa wa kwanza unakwambia ununue hita. Sisi hita ya nini? Fedha hiyo nunua pampu ya hewa. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama saba na nusu. Wakati huohuo mwili wa samaki kwenye joto unafanya kazi kwa kasi na unadai oksijeni zaidi. Kuanzia Novemba mpaka Februari, tangi lililo karibu na dirisha la magharibi linaweza kuwatesa samaki bila ugonjwa wowote kuwepo. Liweke kwenye ukuta ambao jua haliufikii. Jioni fungua mfuniko, funika kwa wavu ili samaki wasiruke nje, na uelekeze feni juu ya maji. Yanapovukizwa hupoa nyuzi moja mbili, wakati mwingine tatu. Kutumbukiza mabonge ya barafu sikushauri. Joto likishuka ghafla samaki anapata mshtuko, na mshtuko ndio unaofungulia magonjwa mlango.

Kwa sababu hiyohiyo naomba tumwache samaki wa dhahabu. Najua watoto wanampenda. Lakini ni samaki wa maji ya ubaridi, anachafua sana, na akitunzwa vizuri anavuka sentimita 20. Kumweka kwenye bakuli la kioo sebuleni ni kumtesa. Kwa maji yetu chukua gapi, plati au moli. Wanapenda uvuguvugu, na wanayafurahia maji magumu yenye chokaa, kama yale ya visima vingi vya huku pwani, mradi yasiwe ya chumvi. Lita 60 zinatosha gapi sita hadi wanane. Chukua madume watupu. Jike huzaa karibu kila mwezi, na baada ya miezi michache hutakuwa na mahali pa kuwaweka.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa jambo hili nalikuta karibu kila nyumba ninayoalikwa, Shangani hata Mikindani: vipande vya matumbawe na makombe ya baharini ndani ya tangi la maji baridi. Yanapendeza, sikatai. Lakini ni chokaa tupu, na chokaa ikiyeyuka polepole inapandisha pH, kile kipimo cha asidi ya maji: kikipanda, asidi imepungua. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja ya upole, na pH ndiyo inayoamua ipi itawale. Kwenye joto letu, pH ikitoka 7 kwenda 8, ile kali inaongezeka karibu mara kumi, wakati samaki ni walewale na chakula ni kilekile. Mwenye nyumba anashangaa, jana walikuwa wazima.

Nimekuja na siki. Tazameni, huu ni mchanga wa ufukweni: nadondoshea hivi... mnaona povu? Hiyo ni chokaa. Na huu ni mchanga wa mtoni, umeoshwa mpaka maji yakatoka safi: nadondoshea, kimya. Huu wa pili ndio wa kuweka tangini. Jiwe lolote lifanyieni hivyo kabla halijaingia. Kama tayari una matumbawe mengi na samaki wameyazoea, usiyatoe yote kwa siku moja. Toa kipande kila wiki. Na tafadhali, yaliyo baharini tuyaache baharini. Samaki wanaovuliwa hapa kwetu wanazaliana humo.

Kubadilisha maji: robo ya tangi kila wiki inatosha. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima ili klorini itoke. Sponji ya chujio usiioshe bombani, kwani klorini itawaua wale bakteria uliowasubiri mwezi mzima. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, basi.

Mama hapo mbele ameuliza kuhusu umeme kukatika. Swali zuri sana, mama. Kwanza, usiwape chakula. Samaki mzima anakaa siku mbili tatu bila kula na hadhuriki. Pili, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, dakika chache, kila baada ya muda. Yanapoanguka yanachukua hewa. Ukiwaona wote wamejipanga juu wanahema kwa midomo, usingoje. Na kama chujio lako ni la kopo lililofungwa, umeme ukirudi baada ya saa nyingi, limwage na ulisuuze kabla ya kuliwasha. Maji yaliyokaa humo yameharibika.

Dawa ya mbu ya kupulizia ni hatari kubwa. Nyingi zina viuadudu ambavyo samaki hawavivumilii hata kwa kiasi kidogo, na pampu ya hewa inavivuta moja kwa moja hadi majini. Zima pampu, funika tangi kwa kitambaa kilicholowa, pulizia, fungua madirisha, kisha ndipo uwashe. Wenye mashamba ya mikorosho, msimu wa kupulizia msitie mkono tangini kabla ya kuoga na kubadili nguo.

Na ukichoka kufuga, usiende kuwamwaga Ruvuma wala bwawa lolote. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na samaki wengi wa asili wakatoweka. Mpe jirani, au niletee mimi.

Kwenye ndoo hii nina vipande vya sponji kutoka kwenye tangi langu lililokomaa, vina bakteria tayari. Anayeanza tangi jipya achukue kimoja akiweke karibu na chujio lake. Kisikauke njiani, kiwe kwenye mfuko wenye maji ya tangi, na kifike leo hiihii. Mnaotoka Mikindani chukueni kwanza, safari yenu ni ndefu.