Gemu Inakufanyia Nini Ukishindwa?

Asanteni, na habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie gemu nilizocheza karibuni, na nimedokezwa kwamba humu ndani kuna wazazi waliokuja kuhakikisha vijana wao hawapotoshwi. Karibuni sana, viti vya mbele bado vipo.

Sitawapa alama, hii saba kwa kumi, ile tisa. Alama za namna hiyo hazinisaidii hata mimi ninapotaka kununua. Swali langu kwa gemu yoyote ni moja: nikishindwa, inanifanyia nini? Anayeshinda hufurahi, akaenda kulala. Aliyeshindwa ndiye anayebaki na pedi mkononi, na hapo ndipo utaijua gemu na walioiunda.

Nianze na mpira, maana ukiingia kibanda chochote cha gemu, kuanzia Kayole hadi Kawangware jijini Nairobi, ndio unaokuta kwenye skrini. Kibandani sheria ni rahisi: mshindi anabaki, aliyefungwa anapisha. Umepoteza pesa ya mechi, umechekwa na watoto wa darasa la sita, basi, mambo yameisha. Inauma lakini ina kikomo. Sasa chukua mpira huohuo uende nao nyumbani, EA Sports FC, ile tuliyokuwa tukiiita FIFA mpaka jina likabadilika mwaka 2023. Uchezaji wenyewe nausifu, pasi zinatembea. Lakini ingia Ultimate Team, ile sehemu ya kujiundia kikosi chako, ufungwe mabao manne na mtu mwenye kikosi cha nyota watupu. Duka liko palepale, linakuuzia pakiti za wachezaji, na hujui ndani kuna nani mpaka ulipe. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba pakiti za aina hiyo ni kamari, na mwaka uliofuata pointi za kuzinunulia zikaacha kuuzwa huko. Mimi sina haja ya mahakama kuniambia. Gemu ikiniuzia dawa ya kipigo ilichonipa yenyewe, naiweka chini.

Na hapo kuna kichekesho. Kuna gemu ya karata inaitwa Balatro, iliyotoka Februari 2024, kazi ya mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk. Inatumia mikono ya poka, yaani mafungu ya karata kama jozi, lakini huweki hata senti. Shirika la Ulaya linalopanga umri wa wachezaji, PEGI, liliipa 18, kwa sababu eti inafundisha poka. Mpira wenye pakiti ulikuwa na 3. Ndiyo, mtoto wa miaka mitatu! Mwaka 2025 Balatro ikashushwa hadi 12. Hapa kwetu, ambapo kijana anatazama kile kindege cha kamari kikipaa na nauli yake ya kesho, tunapaswa kujua tofauti ya gemu yenye karata na gemu yenye kamari.

Ngoja niwaonyeshe Balatro inavyofanya kazi, kwa sababu ndiyo niliyoicheza zaidi. Unapewa karata nane. Chukua kingi mbili. Jozi ina msingi wa 10, kila kingi ni 10, jumla 30. Jozi inazidishwa mara 2, unapata 60. Lengo la kwanza ni alama 300 na una mikono minne tu, yaani nafasi nne za kucheza karata, kwa hiyo hesabu haifiki. Lakini baadaye, ukiwa umenunua jokeri ya kawaida kabisa, ile inayoongeza 4 kwenye kizidisho, kingi zilezile zinakuwa 30 mara 6, yaani 180. Kuna jokeri 150 na kila moja inapinda sheria kwa namna yake. Nyingine inapenda kopa, nyingine inataka ucheze karata chache. Unaanza kuzioanisha, na 180 inageuka kuwa maelfu.

Ukishindwa, unarudi mwanzo mtupu. Karata, jokeri, vyote vimekwenda. Hata hivyo sijawahi kuhisi nimeibiwa, kwa sababu kosa huwa naliona: nilinunua jokeri nzuri isiyopatana na nyingine, nikaing'ang'ania kwa sababu ilinigharimu. Ukiwa umekaa na wazee wa bao huko Pwani, aliyepoteza nyumba yake, lile shimo kuu la kete, hazilaumu kete, anarudi kimawazo mpaka ile zamu aliyokosea. Balatro ina tabia hiyohiyo. Ina ubaya wake pia: inakula usiku. Wazazi, kama kuna jambo la kuogopa katika gemu hii, liogopeni hilo.

Sasa nigombane na vijana kidogo. Hollow Knight: Silksong. Tulitangaziwa mwaka 2019, ikatoka tarehe 4 Septemba 2025, na siku hiyo maduka ya mtandaoni yakazidiwa na wanunuzi. Ni kazi ya Team Cherry, kikundi kidogo cha Adelaide, Australia, na bei ilikuwa dola 20, kama shilingi 2,600 za Kenya. Kwa uzuri wa ile kazi, hiyo ni bei ya zawadi. Unamwongoza Hornet, nusu buibui, silaha yake sindano na uzi wa hariri.

Kuna bosi pale, yaani adui mkuu, anaitwa Last Judge. Ni jitu limeshika chetezo cha moto kwenye mnyororo, linakizungusha kama mtu anayefukiza ubani kwa hasira. Mnyororo ukivutika, una nafasi ya kupita chini yake. Ukichelewa, umeungua. Pambano lenyewe ni la haki, kila pigo linatoa ishara. Na ukimuua bila kusogea mbali, analipuka na kukuua na wewe! Hilo nalo nalikubali, nilicheka.

Nisichokikubali ni njia. Ukifa unarudishwa kwenye benchi ulipopumzika mara ya mwisho, halafu unapanda tena yale magenge, unakwepa tena wadudu walewale, ndipo ufike mlangoni kwake. Shanga zako, ambazo ndizo pesa za huko, zimebaki ulikofia, na ukifa tena kabla ya kuzichukua zimepotea. Mara ya kwanza ile njia inakufundisha kuruka. Baada ya hapo haina la kukufundisha, ni adhabu ya kutembea. Najua jibu lenu: jifunze kucheza, mzee. Nimejifunza, na nimemshinda. Bado nasema ile njia ni ndefu bila sababu. Wenyewe walipunguza makali ya mabosi wawili wa mwanzoni muda mfupi baada ya kutoka, kwa hiyo sikuwa peke yangu niliyenung'unika.

Clair Obscur: Expedition 33 ya Wafaransa naipita haraka, imesifiwa vya kutosha. Muziki mzuri, mwanzo wake unaliza. Ukipigwa, ni kidole chako kilichochelewa kukinga, hakuna wa kumlaumu.

Nimalizie na Tales of Kenzera: Zau, ya mwaka 2024. Aliyeianzisha ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na baba yake. Na ina sauti za Kiswahili. Zau ni mganga kijana, naye kafiwa na baba, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, kupatana: nikuletee roho tatu kubwa, unirudishie baba.

Kama gemu ya kupigana, ni ya wastani. Maadui wanajirudia, na ukigusa miiba unakufa papo hapo hata kama ulikuwa na afya tele. Lakini sikiliza hili. Wewe unakufa, na baada ya sekunde chache umesimama hatua mbili nyuma, mzima. Zau anakufa na kurudi siku nzima akimtafuta mtu ambaye hana kitufe cha kuanza upya. Kuna mahali anaketi chini ya mbuyu, hapigani na yeyote, anazungumza tu kuhusu baba, na ukitoka hapo afya yake imeongezeka. Silksong ina ufundi mara kumi zaidi, lakini haina dakika kama zile.

Ni fupi, wikendi moja inatosha. Nimeiweka kwenye kompyuta ile ya dirishani, lugha nimeshachagua. Balatro iko kwenye simu yangu, na simu siiachi. Haya, nani ana swali? Vijana wa Silksong, naona mikono imeshapanda.