Mlima Ukijifunika: Kupiga Picha za Nje Moshi kwa Kutumia Kilichopo

Shikamooni wakubwa wangu. Vijana, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie ubunifu katika picha za nje, na walioniita walinisihi nisije kusoma orodha ya vifaa. Nawashukuru, maana vyangu vyote vinaenea kwenye begi moja, na baadhi nimevitoa jikoni kwa mke wangu.

Nianze na neno litakalowaudhi baadhi yenu. Kwa mpiga picha wa Moshi, mlima ni kikwazo. Ndiyo, nayasema haya nikiwa chini yake, na anayetaka kunitoa nje anitoe. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ina mita 5,895 na dunia nzima inaijua, kwa hiyo mteja akipiga simu, kabla hata ya kuuliza bei, anasema: "Tunataka mlima uonekane nyuma." Haulizi mwanga utakuwaje. Haulizi wavae nini. Mlima. Na sisi kwa kuogopa kumpoteza tunaitikia, tunamwahidi mtu kitu ambacho si chetu.

Tazameni unavyofanya kazi. Jua la asubuhi likipiga miteremko, hewa inapata joto na kupanda, inabeba unyevu wa ule msitu mzito wa katikati, ikifika kwenye baridi ya juu inageuka wingu. Saa nne, saa tano, Kibo haipo. Jioni mara nyingi wingu linalegea na mlima unatokeza, ila si kila siku. Julai ndiyo usiseme, mji mzima unaweza kushinda chini ya kijivu. Haya, harusi inatoka kanisani saa ngapi? Saa nane, saa tisa. Kwa hiyo tumeahidi mlima saa ambayo mlima umejifunika.

Tuseme umejitokeza. Sisi mjini tuko kusini mwake. Ukimpanga mtu mlima uwe mgongoni kwake, uso wake unaelekea kusini. Desemba, wakati ndugu zetu wote wamerudi kutoka Dar kula sikukuu, jua la adhuhuri liko upande huohuo wa kusini. Linampiga usoni, anakunja macho, na shemeji zake wanakunja macho. Juni linahamia kaskazini, sasa linakukodolea wewe na lenzi yako, uso wa mteja unabaki gizani. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa, macho ya watu yanakuwa mashimo. Nimetafuta mwezi ambao mlima na uso wa binadamu vinapatana saa saba mchana. Sijaupata.

Basi ninachotaka kuwaambia leo ni hiki: kazi ya ubunifu, hapa kwetu, inaanza pale unapokubali kuugeuzia mlima mgongo.

Kulikuwa na familia moja Kibosho, wiki ya Krismasi. Watoto, wakwe, wajukuu, wote na kitenge cha sare kilichoshonwa kwa haraka. Wingu limekaa tangu saa tatu. Mjomba wao, mtu mzima mwenye sauti, amesimama barabarani mikono kiunoni, anaangalia juu: "Subirini, utafunguka." Tukasubiri. Watoto wakaanza kuchafuka. Nikaomba ruhusa niingie kihambani, yaani kwenye shamba lao la migomba.

Wengi wenu mmekulia kwenye migomba, lakini je, mmewahi kuutazama mwanga wake? Ni laini, mzuri, na ni wa kijani. Jua linapita kwenye jani, linatoka limebeba rangi ya jani, likitua kwenye ngozi mtu anaonekana mgonjwa. Ukienda kurekebisha kwenye kompyuta, ukiondoa ukijani usoni unaua na shamba lote. Dawa iko palepale. Nilimwomba shangazi yao vitambaa vyeupe vya meza. Tukatafuta mahali ambapo majani yameacha tundu na jua linafika chini, tukavitandika hapo, mbele kidogo ya miguu yao, nje ya picha. Mwanga ukapanda mweupe kutoka ardhini, ukawashika mashavu, ukajaza vivuli vya macho. Ukijani ukabaki nyuma, kwenye migomba, mahali pake. Ukikosa kitambaa, udongo wenyewe unasaidia: ule wekundu wetu unarudisha mwanga wenye joto. Ngozi zetu unazipendeza. Gauni jeupe unalipaka rangi ya chai, kwa hiyo angalia nani amevaa nini.

Bibi yao alikataa kusimama. Alikuwa kwenye kigoda, anachambua kahawa, na sare ya kitenge hakuvaa. Watoto wake wakaanza kumbembeleza, mara avae, mara asogee. Nikawaambia muacheni, nyie ndio mtakaomfuata. Wakamzunguka, wengine wakachuchumaa, mjukuu mmoja akatumbukiza mkono kwenye kahawa na bibi akamchapa kidogo. Mjomba naye akaingia akifoka kwamba tumemwacha barabarani peke yake. Picha waliyoitundika sebuleni ni hiyo, mjomba akiwa na kidole hewani. Mlima hauonekani.

Habari ya kuwafanya watu wasogee ina historia yake, na inafaa muijue. Mwaka 1933 jarida la Harper's Bazaar la Marekani lilimpa kazi ya mavazi Mhungaria mmoja, Martin Munkácsi. Siku hizo mavazi yalipigwa studio, mwanamitindo amesimama kimya. Munkácsi alikuwa mtu wa picha za michezo. Akampeleka mwanamitindo ufukweni, Long Island, siku ya baridi, vazi lenyewe la kuogelea, akamwomba akimbie kuelekea kwenye kamera. Joho likapepea nyuma yake. Picha ile iliubadilisha upigaji wa picha za mitindo, na hakikuongezwa kifaa chochote, aliongeza mwendo tu. Sasa wewe umewapanga watu ishirini kwa urefu, mikono ubavuni, kila mmoja kana kwamba ni picha ya paspoti. Waambie waende shambani. Waambie wanaume wabebe mkungu. Mkungu ni mzito, mtu aliyebeba mkungu hana nafasi ya kujikausha uso.

Wa pili ni Mwafrika mwenzetu, Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Studio nasema, lakini sehemu kubwa ya kazi aliifanya uani, kwa mwanga wa mchana. Pazia lake la kwanza lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida mteja alipigiwa picha moja tu. Leo picha zile zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Sisi tuna kanga, tuna mikeka, tuna mablanketi ya Kimasai mekundu, halafu tunakopa hela tununue pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, na maporomoko ya Materuni yako palepale juu yetu!

Nije kwenye jioni, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukimbia. Huku karibu na ikweta jua linashuka wima. Likizama, una dakika ishirini na kidogo za mwanga wa maana, kisha usiku. Harusi moja misa ilirefuka, picha za pamoja zikarefuka, halafu matarumbeta yakatuzungusha kipilefti mpaka nikapata kizunguzungu. Tunafika barabara ya vumbi kule kwenye miwa, upande wa kiwanda cha sukari cha TPC, jua limeshaondoka. Bwana harusi ananiangalia. Flashi yangu moja haitoshi kuangaza giza lote lile, na ukiipiga usoni moja kwa moja unapata watu wawili weupe mbele ya ukuta mweusi.

Kulikuwa na bodaboda wawili waliokuwa wakitufuata kwa kupenda tu sherehe. Nikamweka mmoja nyuma ya maharusi, mbali kidogo, taa imewaka na injini inanguruma ili taa isififie. Mwanga ukapita kwenye veli. Nikiwa bado nafikiria, yule kijana akaniambia: "Kaka, nizungushe tairi?" Akashika breki ya mbele, akazungusha tairi la nyuma, vumbi likapanda. Hapo ndipo ilipo siri: vumbi, moshi, mvua, mvuke, vyote vinang'aa vikipigwa mwanga kutoka nyuma. Ukivipiga kwa mbele vinakuwa utando wa maziwa tu. Msimamizi wa bibi harusi alipandisha sauti kwa ajili ya gauni, na alikuwa na haki yake. Tukasogeza pikipiki mpaka upepo ulipokuwa unalipeleka vumbi pembeni.

Bodaboda wa pili alikaa mbele, upande, taa yake ikipita kwenye kanga nyeupe iliyoshikwa na mdogo wa bwana harusi. Ilikuwa kali mno. Hapa muandike: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga haupungui nusu, unabaki robo. Ukiivuta taa kutoka mita mbili hadi mita nne, umepoteza robo tatu. Ukijua hilo, huna haja ya kifaa cha kupunguza mwanga. Unamwambia dereva arudi nyuma, basi. Na angalieni rangi: taa za zamani ni za njano, hizi mpya za LED zina ubluu, ukichanganya bila kukusudia utahangaika usiku kucha kwenye kompyuta.

Kuhusu ngozi zetu, kwa kifupi. Kamera ikiwa kwenye otomatiki inadhani kila ilichokiona kina wastani wa kijivu. Gauni jeupe likijaa inapunguza mwanga, nyuso zinazama. Suti nyeusi ikijaa inazidisha. Pima usoni, mengine yajitegemee. Halafu tumia chanzo kikubwa cha mwanga badala ya kikali. Ngozi nyeusi inapendeza inapoakisi kitu kipana: ukuta mweupe, mlango ulio wazi, ubao wa thamokoli uliotoka kwenye boksi la friji. Bati jipya na sinia vinarudisha mwanga mwingi lakini una madoa na unaumiza macho. Vifunike na kanga. Wanaouza vibao vya kurudisha mwanga hawatanipenda.

Ruhusa, nisizirefushe. Shamba lina mwenyewe, hata kama huoni uzio. Hifadhini kuna utaratibu wa picha za biashara, uliza kabla hujapanda na maharusi. Kambi ya jeshi, usiinue kamera. Stesheni nayo muulize mwenye dhamana, na msikae relini: tangu mwisho wa 2019 treni ya abiria inafika tena Moshi, zile nyasi zisiwadanganye.

Maswali nitayapokea tukiwa nje. Sasa ni saa kumi kasoro, jua limeanza kulala, na nyuma ya ukumbi huu kuna ukuta mweupe, mnazi mmoja na gari bovu. Mjigawe watatu watatu, kila kundi lipige picha moja ya mtu, bila flashi, na mlima usiingie. Mama wa jikoni ametuazima masinia manne. Amesema yarudi kabla ya chakula cha jioni, na yarudi yameoshwa.