Kabla Zege Halijamwagwa

Mabibi na mabwana, karibuni. Nimeombwa nizungumzie kibali cha kanuni za ujenzi kwa wanaojenga au kuongeza nyumba hapa Uingereza. Skotland wana utaratibu wao, hao leo nawaacha. Naanza na swali ninaloulizwa kuliko yote: "Halmashauri imeshanipa ruhusa, wanataka nini tena?"

Ruhusa hiyo mara nyingi ni ya mipango miji. Inahusu jengo linavyoonekana na linavyomwathiri jirani: urefu wake, mwanga linaouziba. Kanuni za ujenzi zinauliza mengine kabisa. Nyumba itasimama? Moto ukizuka usiku, watu watatoka? Majitaka yanaelekea wapi? Ukipata kibali kimoja, hujapata cha pili. Tena kuna vyumba vya nyuma visivyohitaji ruhusa ya mipango miji hata kidogo, lakini kanuni za ujenzi vinazihitaji tangu msingi. Wengi hunaswa hapo.

Kanuni hizi zimetokana na maafa. London iliungua mwaka 1666. Mwaka uliofuata sheria ikaamuru kuta ziwe za matofali au mawe, na wakateuliwa watu wa kusimamia.

Njia za kuomba ni mbili. Ya kwanza, unapeleka ramani kamili zichunguzwe, na jibu hutoka ndani ya wiki 5, au hadi miezi 2 mkikubaliana. Ya pili, unatoa taarifa tu, na baada ya siku 2 unaweza kuanza; hakuna ramani inayopitishwa. Mafundi huipenda hii ya pili kwa wepesi wake. Mimi siishauri ila kwa kazi ndogo, kwa sababu kosa hugunduliwa likiwa limeshajengwa, na gharama ya kubomoa inakurudia wewe mwenye nyumba.

Sasa nisikilizeni vizuri kwenye ukaguzi, maana ndiyo roho ya jambo lenyewe. Mkaguzi huja kutazama vitu vitakavyofunikwa. Mtaro wa msingi anataka kuuona ukiwa mtupu, kabla ya zege. Anaangalia kina, anaangalia udongo. Kwenye udongo wa mfinyanzi, mti mkubwa ukiwa karibu, msingi huenda ukatakiwa kushuka zaidi ya ulivyochorwa, kwa sababu mizizi hunyonya maji, udongo ukasinyaa, na ukuta ukapasuka. Mkishamwaga zege, hayo hayaonekani tena. Mabomba ya majitaka ni vivyo hivyo: yaonekane kabla ya kufukiwa. Kwa hiyo fundi akikwambia "lori la zege limeshafika, mkaguzi ataona picha," mzuie. Zege lisubiri.

Wanaogeuza nafasi iliyo juu ya dari, chini ya paa, kuwa chumba cha kulala, nawaomba sana msikimbilie. Boriti za dari nyingi zilikusudiwa kubeba dari tu, si kitanda, kabati na watu. Na sakafu mpya ikiwa juu ya mita 4.5 kutoka ardhini, kuruka dirishani si njia ya kujiokoa tena. Ndiyo maana kwa kawaida ngazi hutakiwa zikingwe hadi mlango wa kutokea nje, kwa kuta zinazohimili moto dakika 30 na milango inayohimili angalau dakika 20, na ving'ora vya moshi viunganishwe ili kimoja kikilia vyote vilie. Najua milango hiyo ni ghali. Watoto wanaolala juu wanaihitaji.

Kazi ikiisha, dai cheti cha kukamilika kabla hujamaliza kumlipa mkandarasi. Siku ya kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi atakiulizia. Na aliyejenga bila kuomba bado ana njia: kazi iliyofanywa tangu tarehe 11 Novemba 1985 inaweza kuombewa uhalalishaji kwa halmashauri. Ila ajue mkaguzi anaweza kumtaka afungue ukuta au achimbe pembeni ya msingi, ili kilichofunikwa kionekane.

Karibuni kwa maswali. Wenye ramani zao wazilete hapa mbele tuzitazame.