Titi Linalonyonywa Ndilo Linalotengeneza: Mhadhara Kuhusu Wingi wa Maziwa ya Mama

Ndugu wasikilizaji, akina mama na akina baba, na ninyi wenzangu mnaohudumu katika wodi za wazazi,

Katika kazi yangu hakuna maneno ninayoyasikia mara nyingi kuliko haya: "Maziwa yangu hayatoshi." Huyasema mama aliyejifungua juzi, huyasema mama wa mtoto wa miezi mitatu, na mara nyingi huyasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama kosa. Nimeomba nafasi ya kuzungumza nanyi leo kwa sababu, kwa walio wengi, maneno hayo si ya kweli yanapotamkwa kwa mara ya kwanza, bali hugeuka kuwa kweli baada ya siku kadhaa kutokana na hatua zinazochukuliwa baada ya kutamkwa.

Ili tuelewane, tutazame kwanza maziwa yanavyotengenezwa. Kondo la nyuma linapotoka, homoni ya projesteroni hushuka ghafla katika damu ya mama, na kushuka huko ndiko kunakofungua mlango wa maziwa mengi, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne. Kabla ya hapo titi hutoa dang'a, yale maziwa mazito yenye rangi ya njano, ambayo wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu au ni machache mno. Ni hasara kubwa, kwa maana mtoto wa siku moja huhitaji mililita chache tu kila anaponyonya, na dang'a imejaa kingamwili.

Siku hizo za mwanzo zikishapita, kiasi cha maziwa huanza kuamuliwa na titi lenyewe. Kila mtoto anyonyapo, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, nao hutoa homoni mbili: prolaktini, inayoviagiza vifuko vya titi vitengeneze maziwa, na oksitosini, inayoikaza misuli midogo iliyovizunguka vifuko hivyo ili maziwa yashuke. Titi lililojaa likaachwa limejaa hupunguza kasi ya kutengeneza, na titi lililotolewa maziwa huongeza kasi. Kwa hiyo ushauri anaopewa mama wa kulipumzisha titi kwa saa nyingi "ili lijae kwanza" humpeleka mahali asipotaka kwenda. Atapata titi lililojaa mara moja, na kesho yake titi lenye maziwa pungufu.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Usiku nausisitiza makusudi, kwa kuwa prolaktini hupanda zaidi nyakati hizo, na mama anayeshauriwa ampe mtoto chupa usiku kucha ili yeye alale hupoteza saa zenye faida kubwa kuliko zote.

Hata hivyo, idadi ya mara peke yake haitoshi iwapo mtoto hajashika titi vizuri. Nilipata kuketi na mama mmoja ambaye mtoto wake wa wiki tatu alishinda kifuani mwake na bado alikuwa haongezeki uzito. Nilipotazama kwa karibu, niliona mdomo wa mtoto umebana ncha ya chuchu tu, mashavu yakibonyea ndani kila anapovuta, na sauti ya kudata ikisikika badala ya sauti ya kumeza. Tulimgeuza akamwelekea mama tumbo kwa tumbo, pua yake tukailinganisha na chuchu, tukangoja apanue mdomo kama anayepiga miayo, kisha mama akamvuta kwake kidevu kikitangulia, sehemu kubwa ya duara jeusi la chuchu ikaingia kinywani na mdomo wa chini ukabinuka nje. Alivuta harakaharaka kwa muda mfupi, kisha taratibu na kwa nguvu, akimeza kwa pumzi laini ambayo huisikii mpaka uinamishe sikio. Mama alisema kwamba maumivu yamekwisha. Chuchu inayouma wakati wote wa kunyonyesha ni dalili kwamba ushikaji una kasoro, na mama hapaswi kuambiwa avumilie.

Tutajuaje basi kwamba mtoto anatosheka? Tazameni nepi na mizani. Baada ya siku ya tano mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, kinyesi chake kimekwisha kuacha weusi na kuwa cha njano, na uzito aliopoteza baada ya kuzaliwa huwa umerudi afikapo wiki mbili hivi. Matiti kuwa laini baada ya wiki za mwanzo si dalili ya upungufu, wala si mtoto kutaka kunyonya mfululizo wakati wa jioni. Hata maziwa machache yaliyopatikana kwa pampu hayathibitishi lolote, maana mtoto aliyeshika vizuri kwa kawaida hutoa maziwa mengi kuliko mashine.

Kuhusu chakula, nitasema kwa ufupi. Mama anyonyeshaye ale vizuri na anywe maji kila apatapo kiu, kwa ajili ya mwili wake mwenyewe. Kujilazimisha kunywa lita juu ya lita hakuongezi maziwa, na hakuna unga wala majani yanayoweza kushika nafasi ya titi kunyonywa. Hofu, uchungu na maumivu, kwa upande mwingine, huweza kuizuia oksitosini kwa muda, maziwa yakawemo lakini yakachelewa kushuka. Baba anayemwogesha mtoto, anayeamka kubadilisha nepi na kuwazuia wageni wenye maneno mengi anasaidia maziwa kwa njia halisi.

Sasa niwazungumzie wale ambao maziwa yao ni pungufu kweli, kwa sababu wapo na mara nyingi hulaumiwa bure. Mabaki ya kondo la nyuma yaliyosalia tumboni, kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, upasuaji wa matiti, au matiti ambayo tezi zake hazikukua vya kutosha, yote haya huweza kupunguza maziwa. Vivyo hivyo vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na dawa za mafua zenye sudoefedrini. Mama wa namna hii anahitaji kupimwa, na mtoto wake anahitaji kulishwa leo, si kesho. Kumwongezea maziwa mtoto mwenye njaa si kushindwa. Ninachoomba ni kwamba kila anapoongezewa, mama naye anyonyeshe au akamue, kwa sababu chupa inayochukua nafasi ya titi huliambia titi kwamba kazi imepungua. Mtoto akianza kuongezeka, nyongeza ipunguzwe kidogokidogo huku mizani ikitazamwa kila baada ya siku chache.

Kwa wanaorudi kazini kanuni ni ileile: kamua kwa nyakati ambazo mtoto angenyonya. Maziwa yaliyokamuliwa punde hukaa kwa muda usiozidi saa 4 katika joto la kawaida la chumba, na hadi siku 4 ndani ya jokofu. Wengi huniambia kwamba wamejaribu kukamua kwa mkono wakapata matone tu, na nikiwatazama naona kwamba wanaivuta chuchu, ilhali maziwa yako nyuma yake. Nawaomba wakunga waliokaa mstari wa mbele watuletee lile titi la kitambaa, tuoneshane kwa vitendo mahali pa kuweka kidole gumba na namna ya kubonyeza kuelekea kifuani kabla ya kuminya.