Nani Anamnunua Sangara Mtoto?

Mwangaluka! Haya, mmeitika kama watu waliokwisha kula, na ni afadhali, maana leo naongea habari za kitoweo. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie usimamizi endelevu wa rasilimali za Ziwa Victoria. Maneno makubwa hayo. Mimi nimekuja na futi kamba.

Wengine mlinisikia Sengerema, wengine Ukerewe, na yule bwana anayecheka kule nyuma amenisikia mara tatu. Leo ya nne. Kanuni mnazijua, sizirudii: makila, zile nyavu za kutega, yasipungue matundu ya inchi 6, kokoro la kukokota marufuku, timba za uzi wa plastiki marufuku, sangara wa chini ya sentimita 50 asiguswe. Sasa niulize. Sangara wa sentimita 35 anashushwa mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha, alfajiri. Saa nne asubuhi yuko wapi? Hayupo, amekwisha kununuliwa. Kanunuliwa na nani?

Na mimi.

Nilikuwa bado kazini, afisa uvuvi. Siku hiyo tulishinda kisiwani tukichoma makokoro. Moshi wa nailoni unakaa kooni siku mbili, aliyewahi kuuvuta anajua. Narudi usiku, mama watoto ameweka ugali na sangara wa kukaanga. Nikala mpaka nikalamba vidole. Mwanangu mdogo, wakati huo yuko darasa la nne, akatoa futi kamba kwenye begi langu la kazi akaenda nayo jikoni, walikobaki wawili hawajakaangwa. Akarudi mbio: "Baba, mmoja 33, mwingine 36!" Nikamgeukia mke wangu kwa sauti ya kiserikali: hawa umewatoa wapi? Akanijibu hata mikono hajafuta: "Sokoni. Wakubwa wamekwenda kiwandani. Waliobaki ni hawa na mapanki, vichwa na mifupa. Ulitaka mapanki?"

Sikutaka mapanki.

Mchana nimechoma kokoro, usiku nimekula mavuno ya kokoro. Tangu siku hiyo sijaweza kumhubiria mvuvi peke yake.

Hebu tufanye hesabu. Samaki akirefuka mara mbili, uzito wake unapanda karibu mara nane, kwa kuwa anapanuka na kunenepa pia. Sangara wa sentimita 25 hafiki robo kilo. Mwache afike 50, amepita kilo. Yule yule! Hukumnunulia pumba, hukumwekea kibarua. Amejilisha mwenyewe dagaa, furu na uduvi. Anayemtoa mapema amebeba kibaba akaacha debe majini, tena kamtoa hajataga hata mara moja.

Najua kuna atakayesema: lakini mzee, sangara mwenyewe anakula watoto wake. Anakula, kweli. Kwani wewe nawe ni sangara? Mwingine, msomi huyo, atasema sangara ni mgeni, aliletwa miaka ya 1950 na 60, akafyeka mamia ya aina za furu wetu, tumlilie wa nini? Furu nimekulia, nawalilia hadi leo. Ila kokoro haliulizi uraia. Linazoa sangara mtoto, linazoa furu waliobaki, na likipita kwenye mchanga linavuruga viota vya sato.

Na msiniambie mlaji hana nguvu. Kumbukeni 1999. Watu walikuwa wakivua kwa sumu. Semina zipo, doria zipo, na sumu ipo. Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa ziwa hili, viwanda vikayumba, na ghafla matajiri wa mitumbwi na mawakala wakawa askari wa kuzuia sumu. Sheria ilikuwa ile ile. Mlaji ndiye aliyekataa sahani. Mlaji wa Brussels anaweza, wa soko la Kirumba, Mwanza, ashindwe?

Mama lishe ataniuliza: nikimkataa huyu, wateja niwape nini? Swali la haki, mama. Jibu langu ni dagaa: anakua upesi, anazaa upesi, na kwa uzito wa mavuno ndiye anayeongoza ziwani. Halijitoshelezi, najua, maana nawaona ndugu zetu wa viwandani hapa mbele wametulia kabisa, na wakubwa wanachukua wao. Hilo mke wangu alikwisha kulisema. Ninyi wa BMU, vikundi vya kulinda rasilimali za uvuvi mialoni, nawaomba kitu kimoja tu: meza ya mnada ichorwe mstari mwekundu kwenye sentimita 50. Kopo moja la rangi. Mama anayenunua auone, na anayeuza aone kwamba mama ameuona.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na magugu maji, nilikuwa na miti inayokatwa visiwani. Vizimba vya sato: vizuri, ila msivirundike kwenye ghuba moja, chakula kinachozama kinaoza. Mabondo, yale maputo ya tumboni mwa sangara... hapana, mabondo nikianza hatutoki.

Futi kamba hii izunguke. Kila mmoja anyooshe kiganja apime shubiri yake, toka ncha ya gumba mpaka ya kidole cha mwisho. Sokoni hamtabeba futi kamba, lakini mkono mnakwenda nao. Yangu ni sentimita 22. Kwa hiyo kwangu mimi, toka mdomoni mpaka ncha ya mkia, ni shubiri mbili na vidole vitatu. Kisha irudi hapa mbele, tafadhali. Ya kwanza ilibaki Ukerewe.